Halua ya Zuhura Bado Imefunikwa

Dada yangu Zuhura,

Naandika wazi, asome kila mtu, kwa sababu barua niliyokutumia huko Ulaya, Lucca, ilinirudia, na simu yako haiiti tena. Labda umehama. Labda hutaki kutafutwa. Atakayeisoma na akawa anakufahamu, namwomba akufikishie hili tu: mama amekuwekea chakula.

Najua utasema nimeanzia mwisho. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita, kupanga maneno nilikuachia wewe.

Niko Guangzhou sasa, mtaa wa Sanyuanli. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja hununua nguo, mimi hufunga marobota na kuyapandisha kwenye lori la kwenda bandarini Huangpu. Nimechoka, dada. Msimu huu kuta zinatoka jasho kama watu, na shati nikilifua halikauki. Nikijinyoosha kitandani mgongo ukaniuma, nakukumbuka ulivyokuwa ukitembea.

Maana mwaka ule niliposhuka melini Livorno nikaja kujibanza kwako Lucca, kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma yako. Wewe mbele, wageni katikati, mimi mwisho na kikapu cha mikate na chupa. Wale Wataliano wa hoteli ya Kiwengwa, kwetu Unguja, ulikokuwa ukipika, walikuchukua ukawapikie kwao. Ulimi wao ukaushika upesi, wakakupa kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kula na kuonja katika ule mji wa kale wenye ukuta pande zote. Tulianzia kwa mwoka mikate. Ulimkatia kila mmoja kipande cha ule mkate wenye zabibu kavu, unaonukia bizari tamu, na hukuwaambia neno mpaka wamemeza. Kisha mafuta ya zeituni. Kisha supu ya ngano. Kisha uliwapandisha juu ya ukuta, penye miti, matumbo yapumzike, na mimi nikapata kuweka kikapu chini. Mwisho tuliteremka kwenye ghala la mvinyo.

Humo wewe hukuonja hata tone. Ulizungusha bilauri, ukanusa, ukafumba macho, ukawaambia huu unanukia tunda la cheri, huu una moshi wa pipa. Wakinywa wanaitikia kwa kichwa. Siku moja Mjerumani mwenye mashavu mekundu alikuuliza utajuaje kama ni mzuri nawe hunywi. Ulimjibu, halafu ukanigeukia nami nielewe.

"Nimemwambia kwetu Ramadhani tunapika tumefunga, na chumvi haizidi."

Yule bwana alicheka mpaka akaegemea pipa. Mimi nilicheka kidogo tu, maana nilimwona mama pale pale, alasiri ya mfungo, ameinamia chungu, anakuita wewe mtoto mdogo uje unuse umwambie kimepungua nini. Nawe ukisema ndimu. Mimi hakuniita hata siku moja. Alisema pua yangu imeumbiwa kamasi.

Ndiyo maana neno lake lilikuchoma. Kazi yako ulimwambia mwenyewe, kwa simu ya jirani yake, hukutaka aisikie mitaani. Nilikuwa nimebanana nawe ndani ya kile kibanda cha simu, nikamsikia.

"Mkono unaomimina ulevi hautagusa chungu changu."

Uliweka simu taratibu. Ukanunua mkate wa zabibu, tukaula njiani.

Kibali kilipokwisha nikarudi nyumbani, nikaona kwa macho yangu. Unaijua desturi yake ya Idi: kila mtoto ana sahani yake, aliyepo na asiyepo, na ya asiyepo hufunikwa kawa mpaka alasiri, ndipo apewe jirani. Idi ile yangu iliwekwa. Yako haikuwekwa. Nilipomuuliza alisema makawa yamechakaa. Yalikuwa mapya, Zuhura. Ukindu wake ulikuwa bado unanukia.

Sasa sikiliza. Juzi amefika Bi Mwanaisha, yule mwenye duka la nguo Darajani. Nikampeleka kula kwa Waislamu wa huku, wanaovuta tambi kwa mikono. Wageni wetu wote nawatembeza mimi, kwa mtindo wako: chai kwanza, kisha tambi, na sisemi kitu mpaka mtu ameze. Alipomaliza akatoa vikapu viwili vya halua mkobani.

"Hiki chako, hiki cha Zuhura. Mama yako kasema umpelekee jioni ukitoka kazini."

"Zuhura yuko Ulaya, Bi Mwanaisha."

"Nimemwambia. Kanijibu, si huko huko? Kwa mama yako ng'ambo ni nyumba moja, nyinyi mmegawana vyumba tu."

Wafanyabiashara wa Dar wa meza ya pili wakacheka, mmoja akanishauri niazime baiskeli. Mimi niliweka vijiti chini. Nikamuuliza Bi Mwanaisha kama mama katuma na neno. Hakutuma. Ila alisimama kwa mpishi wa halua akamkataza kuzidisha iliki kwenye kikapu cha pili, kwa sababu mwenyewe ataigundua.

Cha kwangu tumekimaliza na wenzangu ninaokaa nao. Cha kwako wanakizungukazunguka, nimewaonya. Nimekiweka juu ya kabati na kukifunika kwa kile kifuniko cha mianzi ambacho Wachina hupikia maandazi ya mvuke. Ukikitazama kwa mbali utadhani kawa. Kila asubuhi nakipangusa unyevu kabla ya kwenda kubeba.

Sikwambii uache kazi, wala sitamwambia mama alilosema ni uongo. Hayo ni yenu. Mimi najua moja: aliyekukataza chungu chake bado anapima iliki kwa pua yako. Rudi, dada. Ramadhani hii nenda nyumbani. Usianze na maelezo. Pitia uani, simama mlango wa jikoni, na akikuuliza kimepungua nini, mjibu.

Nami nitakuja na kikapu chako. Halua haiharibiki upesi, lakini mama ni mtu mzima.

Nakuaga huku nakusubiri,

Mdogo wako wa tumbo moja, yule wa nyuma mwenye kikapu.