Mama Mkwe Kwenye Kiwanja cha Stesheni

Jumamosi, 8 Juni
Nimefua. Nimechagua maharagwe. Nimegombana na mwenye ploti juu ya maji. Jioni mume wangu, Lokwang, akaanza tena maneno yake ya stesheni. Reli itapita Ngaremara, mawe ya bikoni ya kuonyesha mpaka yameshapigwa rangi, na watu wa reli watamfidia yule watakayemkuta anaishi pale. Kwa hivyo kesho anampeleka mama yake akalale pale. Sisi tubaki huku mjini, Bulla Pesa. Yeye ana kazi, watoto wana shule. Mama hana kazi.

Nimefurahi. Chumba ni kimoja na mama hukohoa usiku kucha. Nimechoka naye, basi.

Jumapili, 9 Juni
Mama alikataa kwenda. Lokwang akamdanganya: stesheni inafunguliwa karibuni, akae pale angoje treni, itampeleka kwao Lokichar kwa binti yake. Mama akafunga nguo zake saa hiyo hiyo. Lokwang alirudi akicheka. Mimi pia nilicheka.

Jumamosi, 15 Juni
Nimempelekea mama maji na unga. Lokwang alimwachia vijiti na magunia tu, kibanda amejijengea mwenyewe. Upepo unaingia huku unatokea kule. Vibanda vingine pale ni vitupu. Watu wamejenga wakarudi mjini. Yuko peke yake.

Nilipotoka nyumbani nilikuwa nimebeba blanketi. Lokwang alisema nilirudishe, watu wa reli wakiona analala vizuri hawatamhurumia. Nikalirudisha.

Mama aliniuliza treni itakuja saa ngapi. Nikamwambia bado.

Alhamisi, 20 Juni
Mtu wa boda ametoka Ngaremara, anasema mama ana homa, hata kusimama hawezi. Nikasema tumpeleke hospitali. Lokwang akasema akitoka pale siku moja tu, kiwanja kimeenda. Na akifia pale ni afadhali, kwa sababu kaburi nalo hulipiwa fidia. Alisema hivyo akitafuna ugali wangu. Halafu akaomba chumvi.

Namchukia. Nimempa chumvi.

Jumamosi, 22 Juni
Nimempelekea mama dawa, uji na lile blanketi, Lokwang hajui. Amebaki mifupa. Nilimlisha kwa kijiko. Akanishukuru vile mtu anamshukuru mgeni. Heri angenitukana.

Jumanne, 25 Juni
Watu wa reli wamekuja. Lokwang alivaa shati ya kanisa. Homa imepungua, mama alikuwa ameketi mlangoni na mzigo wake mapajani. Karani wa chifu akamuuliza kwa Kiturkana kama anaishi hapa.

"Hapana," akasema. "Mimi ni msafiri. Nangoja treni."

Wakacheka. Wakatupita, wakaenda kwa jirani. Kwa jirani hakujalala mtu hata siku moja, lakini bibi yake alifika asubuhi na sufuria, akawasha moto. Ameandikwa kwa fidia.

Lokwang akamtukana mama yake mbele ya watu wote. Maneno hayo siyaandiki. Akapanda boda, akaniambia na mimi nipande. Nikapanda.

Jumamosi, 29 Juni
Lokwang anasema mama abaki huko huko angoje treni yake. Nimeenda kumchukua mama bila kumuuliza Lokwang.

Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno mazuri. Sikuyapata. Nikamwambia tu: Mama, hakuna treni, ulidanganywa.

Akasema anajua. Alijua tangu siku ile aliposhushwa hapa, reli yenyewe iko wapi, si macho anayo. Nikamuuliza, sasa mbona aliwaambia wale watu vile?

"Mtoto wangu ndiye alisema nangoja treni," akasema. "Ningemfanya mwongo mbele ya wageni?"

Nilibomoa kibanda, nikakunja magunia. Aliomba tumbako, sikuwa nayo. Tukashika njia ya kwenda barabarani, yeye mbele, polepole, mimi nyuma na mzigo.