Taa Isiyofika Chini ya Ulimi

Winnipeg,
Ijumaa, 14 Novemba

Bibi mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba njia za huko Gimli hazijaanza kuteleza kwa barafu. Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa kidogo kwa hewa kavu ya hospitali.

Leo nimemaliza siku ya ishirini na mbili ya mionzi, zimebaki nane. Uvimbe ulio nyuma ya pua yangu unapungua. Tangu mwanzo tuliambiwa kwamba jambo kubwa ni kutokatiza. Vidonda vya mdomoni vikizidi hadi nishindwe kumeza, mionzi itasimamishwa, na uvimbe utapata nafasi ya kukua tena. Ndiyo maana kila asubuhi naenda kwanza kwa Daktari Thibault, daktari wa meno, anipitishie taa nyekundu mdomoni ili kutuliza vidonda. Ni kijiti kama kalamu, wala hakichomi. Navaa miwani myeusi, na Mama husema nimekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Daktari huniita bosi. Huniuliza bosi anaumwa wapi leo, kisha hunipa karatasi yenye nyuso sita, kuanzia unaotabasamu hadi unaolia, nichague wangu.

Jumatatu nilishindwa kumeza hata mate. Nesi alinipima akakuta nimepungua kilo mbili. Daktari alitazama chini ya ulimi wangu, kule nyuma kabisa, akakuta kidonda kikubwa. Walisema watasubiri hadi Ijumaa, ndipo waamue kama mionzi isimame.

Bibi, kidonda kile nilikuwa nacho tangu wiki ya pili. Niliogopa kwamba nikikitaja watasema taa imeshindwa, wasimamishe kila kitu. Kwa hiyo kila asubuhi nilichagua uso unaotabasamu, na maziwa niliyopewa na Mama nikayamwaga kwenye sinki akitoka kupiga simu. Jumatatu ile nilimweleza Daktari yote, Mama akisikia. Hakunikaripia. Alivuta kiti karibu akasema:

“Taa yangu haina macho, bosi. Inakwenda unakoniambia wewe.”

Mama akasema, “Kumbe siku zote hizi nilikuwa nalisha sinki.” Tukacheka, ingawa kucheka kuliniuma sana.

Tangu siku hiyo taa inapitishwa palepale chini ya ulimi, asubuhi na alasiri, na dawa ya kusukutua nimeongezewa. Leo nimemeza nusu bakuli ya uji wa shayiri. Ilinichukua karibu saa nzima. Daktari anasema hawezi kuapa kwamba ni taa peke yake, lakini mionzi haitasimamishwa. Jumatatu naendelea na siku ya ishirini na tatu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote kuliandika. Katika barua yangu iliyopita nilikuambia taa imeniponya kabisa. Mama anasema uliisoma kanisani, na kwamba ulilia kwa furaha. Ule ulikuwa uongo uleule niliompa Daktari. Naomba unisamehe, Bibi, na uwaambie wote uliowasomea kwamba Signy bado anaumwa, lakini anameza.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie shangazi na wanawe.

Mjukuu wako akupendaye,
Signy Halldorson