Siku Dagaa Zilipochukua Watazamaji Wangu

Kamunyonge, Musoma, Jumapili. Jua limewaka tangu asubuhi kana kwamba mvua ya jana ilinyesha nchi nyingine. Nina hasira, shajara, na sitaki kuambiwa nishukuru kwa kila jambo. Hilo nimeshaambiwa kanisani.

Jana tulipeleka mchezo wangu Murangi, kijiji cha kando ya ziwa. Nimeuandika tangu masika, jioni baada ya kazi, mimi karani wa pamba ambaye hakuna aliyenituma kuandika chochote. Ni mchezo wa baba mkwe mchoyo anayekataa kila ng'ombe wa mahari: huyu ana pembe fupi, yule anamtazama vibaya. Rafiki yangu Masatu ndiye baba mkwe. Nyamisi, rafiki yetu, ndiye bibi harusi. Mimi ndiye ng'ombe wote.

Kwa nini Murangi? Kwa sababu hapa mjini hatuna tena watu. Karibu na soko kuna kibanda cha video chenye jenereta, na tulipocheza mara ya mwisho kwenye ukumbi wa kanisa, vijana walisikia milio ya ngumi njiani wakaishia huko. Mchungaji alikaa mpaka mwisho, maskini. Murangi video haijafika.

Naikumbuka sana miaka ya foleni. Sisi watatu tulijuana humo, tukingoja sukari nje ya duka. Tulikuwa tunamwigiza muuza duka, watu wanacheka mpaka wanasahau kwamba sukari imekwisha. Hatukutafuta watazamaji, hawakuwa na pa kwenda. Leo sabuni ipo, sukari ipo, aliyeadimika ni rafiki. Masatu anauza mitumba, Nyamisi ana kijiduka cha vitenge. Kuwapata wote wawili kwa mazoezi ni kazi kuliko kuandika mchezo wenyewe.

Kwa hiyo Masatu aliponiambia, "Murangi ni kwetu, sawa, lakini tusogeze mbele kidogo, wiki hizi siyo nzuri," nilimwakia. Nilimwambia mbele ya Nyamisi kwamba tangu aanze kuuza makoti ya Wazungu amekuwa mtu wa kusogeza tu. Alinyamaza. Jana asubuhi akaja, na koti lake kubwa la baba mkwe, na mto wa kujaza tumbo.

Tulifika Murangi mchana. Wanaume hawakuonekana. Nilidhani wako njiani wanakuja, kumbe walikuwa wamelala. Waliokuja ni akina mama na watoto, wakaketi kando ya uwanja, jicho moja kwetu, jingine kwenye dagaa walizoanika juu ya mawe.

Lakini walicheka! Shajara, walicheka. Masatu alipomfungua mdomo ng'ombe wa kwanza, yaani mimi, akahesabu meno huku anaguna, mama mmoja alijipiga mapaja. Kicheko kama kile sijakisikia tangu zama za foleni. Nikajisemea, hatimaye nimewapata.

Kisha tone likaanguka.

Uwanja mzima ulisimama kwa pamoja. Akina mama wakakimbilia dagaa, wakazikomba kwa mabeseni, kwa kanga, kwa mikono. Nyamisi akakimbia na shela lake. Na Masatu, katikati ya maneno ninayoyapenda kuliko yote katika mchezo ule, akatimua mbio na tumbo lake la mto. Nilimpigia kelele, "Masatu, malizia kwanza!" Hakugeuka.

Nilibaki peke yangu, kwa miguu minne.

Mvua ilipokatika, mama yake Masatu ndiye aliyenieleza, huku akitenga dagaa zilizoloa. "Mwanangu, giza hili wanaume wanakuwaga ziwani usiku kucha, mchana wanalala. Sisi tunaanika. Ungekuja mbalamwezi. Mbalamwezi taa hazivutagi dagaa, watu wanakaaga tu nyumbani. Masatu hakukuambia?"

Kwetu Butiama tunapanga mambo kwa mvua na malisho. Mwezi tunautazama tu. Nilipanda gari la kwanza kurudi Musoma bila kumuaga Masatu, ambaye bado alikuwa anabeba mabeseni.

Njia nzima nilimlaumu. Angeshindwa nini kusema sababu? Lakini kwa mtu aliyezaliwa kule, ukishasema wiki hizi siyo nzuri umemaliza. Na mimi sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshaanza kufoka. Hilo ndilo linaloniuma, maana nilitaka sana kosa liwe lake.

Leo baada ya ibada Nyamisi amefika kutoka Murangi, ameniletea lile koti. Linanuka dagaa mpaka kwenye bitana. Ndani yake kulikuwa na kifurushi cha dagaa kavu, zawadi kutoka kwa mama Masatu, mtu ambaye nusu ya dagaa zake zimeharibika. Masatu mwenyewe amebaki kumsaidia.

Nikamuuliza Nyamisi, Masatu amesema nini.

"Hajasema kitu. Ila mama yake anasema urudi mbalamwezi, watajaa mpaka ukose pa kusimama." Akanitazama. "Lakini kaka, hata ng'ombe angekimbia mvua."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Alipoondoka hasira ikarudi, ila safari hii sikuwa na mwingine wa kumkasirikia zaidi ya mimi mwenyewe.

Mbalamwezi watajaa. Ndicho ninachokililia miaka yote hii, uwanja uliojaa watu ambao hawageuzi shingo. Na nikienda siku hiyo, Masatu atajua nimewafuata watazamaji. Atavaa koti, atacheza vizuri, na hatanilaumu kwa lolote, kama jana. Naogopa huo ukimya wake kuliko kibanda cha video.

Nimejiuliza tangu mchana: hivi mara ya mwisho nilimtembelea lini bila karatasi za mchezo mkononi? Sikumbuki.

Jumamosi ijayo bado ni giza. Wanaume watakuwa wamelala, akina mama wataanika, na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kunitazama mimi.

Naenda Jumamosi ijayo. Mchezo nitauacha hapa mezani. Nitabeba beseni.