Kilo za Madaha: Kumkumbuka Fundi Sentimita

Mwaka umetimia, baba watoto, tangu cherehani yako iliponyamaza. Mtaa ulikuita Fundi Sentimita kwa sababu hukuwahi kukosea kipimo cha mtu. Leo nataka wasomaji wajue kipimo kimoja ulichokosea. Usinikasirikie. Nimesubiri miaka arobaini na sita kupata nafasi ya kusema bila kujibiwa.

Unakumbuka mbwa wetu alivyoletwa, mdogo wa kutosha kwenye kapu la vitambaa. Alitembea akitikisa nyuma, tukamcheka, tukamwita Madaha. Kumbe hayakuwa madaha. Daktari wa mifugo alimnyoosha miguu ya nyuma, akampiga picha, akatuambia nyonga zake hazikuumbika sawasawa, mfupa wa paja haukai vizuri mahali pake. Mimi sikuelewa. Wewe ukasema, "Ni kifungo kidogo kwenye tundu kubwa." Daktari akakutazama kwa heshima, nawe ukavimba kichwa njia nzima.

Ulimtunza kwa mikono yako. Vidonge vya maumivu baada ya chakula, matembezi mafupi mara tatu kwa siku, polepole. Vigae vilimtelezesha, ukaunga mabaki ya vitambaa ukamshonea mazulia kutoka sebuleni hadi jikoni, nyumba ikafanana na suruali yenye viraka. Ukamshonea na mkanda mpana wa turubai wa kupitisha chini ya tumbo, umwinulie nyuma akipanda ngazi. Wewe, uliyesema mbwa halali ndani ya nyumba yako.

Ila alinenepa. Daktari akasema wazi: asipopungua kilo sita, ipo siku hatainuka, na hapo tutazungumza habari ya sindano ya mwisho. Tuliapa wote wawili kutompa chochote nje ya kipimo. Wiki hiyohiyo ukaniuliza:

"Mama watoto, umempa kitu huyu?"

"Nimpe nini, mzee? Mimi na daktari hatuna ugomvi."

Sikukuuliza mifupa ya kuku ilifikaje chini ya cherehani. Hukuniuliza kwa nini mbwa ananifuata hata bafuni.

Kila Jumapili ulimbeba, ukapanda naye kwenye mizani, ukatoa kilo zako sabini na mbili, ukaandika kwa chaki ukutani: thelathini na moja, ishirini na tisa, ishirini na saba. Tulishangilia, kila mmoja akishangaa moyoni jinsi mbwa anavyokonda huku analishwa kwa siri. Sabini na mbili zile ulipimwa miaka kumi nyuma. Suruali zako ulikuwa umeshazipunguza kiuno mara mbili, ukasema kitambaa kimelegea.

Binti yetu muuguzi ndiye aliyekupandisha kwenye mizani bila mbwa. Aliyekuwa akipungua ni wewe.

Ulicheka sana, hata kitandani. Ukaniambia, "Mimi mmeshanichelewa. Huyu bado. Acha wizi wako wa jikoni."

Nimeacha, baba watoto. Ananitazama kwa macho yale, nami natazama dirishani. Ameshuka kilo saba, za kweli. Anainuka mwenyewe asubuhi, na mkanda wako uko kwenye msumari, anauvaa siku za baridi tu. Daktari hataji tena sindano. Nyuma bado anatikisa, wala sitaki aache.

Mkwe wako ndiye anayembeba siku hizi, na tunampima yeye kwanza, peke yake. Kisha wananipandisha na mimi. Sipungui hata kidogo, kwa hiyo usikae mlangoni ukinisubiri.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako, mkwe wako, wajukuu zako watatu wanaojikwaa kwenye mazulia yako kila siku, na Madaha, ambaye mpaka leo hunusa chini ya cherehani kabla ya kulala.

Wa kukusahau hajazaliwa katika nyumba hii.