Abiria wa Lori la Karanga

Dorotea, nimo juu ya lori. Limenasa matopeni tangu asubuhi, na shamba la karanga tunakopelekwa kibarua hata halionekani.

Nikamwomba nyapara Ausi atuandikie siku ya leo kuwa ya kazi. Akasema njiani si kazini.

Njiani si kazini, Dorotea.

"Basi nashuka nirudi kwangu." Akasema, "Bibi, ukishuka nachana kipande chako." Ndiyo kadi yangu ya siku za kazi; imebakiza siku moja ijae nilipwe, na anayo yeye mfukoni.

Halafu akatuamuru tushuke tusukume. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, kusukuma ni kazi au ni njiani?"

"Njiani."

"Basi mimi abiria. Abiria hasukumi."

Wote wakakaa. Sasa naye kanasa nasi, jua la utosi. Anayeondoka hapa ni huyu wa baiskeli anayekuletea karatasi hii.