Kabeya wa Mabega: Afe au Asife

Jumapili, 6 Julai 2025

Tumesimama mahali pabaya. Kabeya wa Mabega, mpagazi mkuu wa msafara wetu, ananing'inia juu ya mto kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika mfuko wa chumvi. Nilimwambia Séraphin: achia chumvi! Akakataa. Fundi umeme mstaafu wa bwawa la Koni, mtu mzima mwenye mvi, anakataa kuachia chumvi ya kufikirika.

Mpita njia akitusikia atadhani tumerukwa na akili. Séraphin ni Kabeya. Colette, muuza vitenge wa soko la Kikula, hapa Likasi, ni mganga. Adam, mtoto wa kaka yangu, dereva wa kamio la mizigo, ni mpiga mishale. Mimi nasimulia njia, na dadu linaamua. Mchezo unaitwa Njia ya Chumvi. Nimeuongoza kwa haki, kama nilivyoongoza shule.

Ilikuwa zamu ya Séraphin kurusha dadu ndipo Adam akatoa toleo jipya la kanuni, alilonunua Lubumbashi. Ati tulisome kwanza. Nikaahirisha hadi Jumapili ijayo.

Jumatatu, 7 Julai

Nimesoma toleo jipya, kalamu nyekundu mkononi. Kanuni za mizigo ni safi kuliko za zamani. Nakiri. Za njaa pia.

Lakini sura ya kifo! Kanuni ya kale: nguvu zikiisha, mtu amekufa, na msimulizi ana neno la mwisho. Fupi, wazi. Kanuni mpya: hakuna anayekufa mpaka meza yote ikubali. Meza! Tangu lini samani zinapiga kura?

Mtu wa kwanza wa Colette katika mchezo alikufa kwa nyoka. Colette alilia machozi ya kweli. Sikubadilisha kitu. Basi.

Jumatano, 9 Julai

Nilikwenda sokoni Kikula kununua maharage. Colette akaniita kutoka kwenye vitenge vyake. Anataka kanuni mpya, na si kwa ajili ya mganga wake.

— Madame, weye haujui? Claire anamuita Papa Séraphin ku Kolwezi kila siku. Chumba iko tayari. Yeye anamujibu mutoto: siwezi, dimanche, siku ya mchezo, bananingojea ku msafara. Sasa Kabeya akikufa, atajibu nini?

Nilijibu kwamba hilo halihusu kanuni.

— Kanuni, kanuni! Kanuni njo itakuja kukusalimia ku nyumba?

Wateja wakacheka. Mmoja, nisiyemjua kabisa, akaniuliza kama kweli nataka kumuua mzee. Nikalipa maharage, nikaondoka.

Claire ni binti wa pekee wa Séraphin. Mtoto mwenye heshima, nilimfundisha. Ana haki ya kumtaka baba yake. Na baba ana haki ya kwenda. Kolwezi si mbinguni. Lakini nani anarudi kutoka Kolwezi kwa ajili ya Jumapili moja?

Alhamisi, 10 Julai

Baridi kali. Nimesoma sura ile tena. Bado ni mbaya.

Ijumaa, 11 Julai

Adam alipitia hapa baada ya sala. Anasema tupige kura. Nikamuuliza: kura hiyo inatoka wapi? Kwa kanuni ya kale, mimi naamua peke yangu. Kura imo katika kanuni mpya, ambayo hatujaikubali. Akakuna kichwa.

— Tantine, ni mchezo tu.

Ni mchezo tu! Hivyo ndivyo wanavyosema wote wanaotaka kudanganya.

Alasiri akaja Séraphin mwenyewe, kofia mkononi. Alikataa kiti.

— Madame, nasikia Colette anatembea ku soko anaomba huruma. Minye sitaki. Nikianguka, nimeanguka. Mutu wa Colette alikufa na nyoka, hatukubadilisha kanuni. Yangu vilevile.

Nikamwambia amesema sawasawa.

— Lakini kilio ikuwe kilio ya kweli. Kabeya alibeba mizigo yenu yote.

Nikamuuliza kuhusu Kolwezi. Akasema huko kuna joto. Kisha akasema Claire anapika vizuri. Kisha akatazama ukuta wangu, akasema nyaya za taa zimewekwa vibaya, atakuja kuzitengeneza. Lini? Hakusema lini.

Ana msimamo sahihi kabisa. Nimemkasirikia jioni nzima.

Jumapili, 13 Julai

Nimeingia ndani, nimefunga mlango. Niandike kwa utaratibu, maana nje hakuna utaratibu.

Colette alifika kabla ya wengine. Nilikuwa nikisali. Nilipotoka, mikeka imetandikwa uani, mabenchi ya jirani yamepangwa, na kwenye geti amefunga tawi bichi, kama kwenye nyumba yenye msiba!

— Ni ya nini hii?

— Nakutayarishia kilio, Madame. Uone mbele vile itakuwa.

Niliingia ndani kutafuta kisu cha kulikata tawi, na kupitia dirishani nikawaona wakiingia. Mamie, jirani wa ng'ambo ya barabara, yuko mbele, kitenge kimefungwa kiunoni, sufuria kichwani, analia: Madame wetu! Madame alikuwa mukali lakini alitufundisha! Nyuma yake nusu ya mtaa. Séraphin, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alisimama getini kama mwenye msiba. Mamie akamshika mikono.

— Papa Séraphin, pole! Alikufa saa ngapi?

Séraphin akavua kofia.

— Bado. Tunangojea Madame aamue.

Hapo nikatokea barazani. Mamie alipiga ukelele ambao hata shuleni sikuwahi kuusikia.

Nilieleza. Colette alieleza. Adam alieleza vibaya zaidi. Nilitegemea waondoke kwa aibu. Hakuna aliyeondoka! Mamie anasema maharage yameshapikwa, hayarudi nyumbani. Wakaketi. Wakaanza kuuliza huyo Kabeya ni nani, ni mtoto wa nani, chumvi ni ya nani. Sasa kila mmoja ana maoni. Bilal, mwadhini wa msikiti, aliyekuja kuulizia saa ya kuzika, anasema mtu akishaanguka ameanguka. Mamie anasema haiwezekani, mtu aliyebeba mizigo ya wote hawezi kuachwa mtoni. Adam anacheka: Tantine, tazama, meza imekuwa kubwa!

Nikampa Séraphin dadu. Akalishika. Hapo simu yake ikalia. Claire.

Tulisikia sauti ya binti, si maneno. Séraphin akasikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, chumba, ndiyo. Kisha akasema: ngoja kidogo, mwanangu, sijajua bado. Hakukata simu. Akanitazama.

Nikasema nakwenda kutafuta miwani.

Miwani ninayo usoni.

Neno la mwisho ni langu, nililitaka mwenyewe. Nikisema ya kale, atarusha, na dadu linamtaka apate namba ambayo hajawahi kuipata. Nikisema mpya, atasema nimemhurumia, naye atakuwa sahihi. Maadamu sijatoka, Kabeya ananing'inia. Maadamu ananing'inia, Séraphin yuko Likasi.

Colette anagonga.

— Madame! Claire iko mu simu, unité za kupigia zitaisha!

Naja, nasema.

Naendelea kuandika. Anagonga tena. Sasa si Colette, mkono ni mzito, na nje Mamie anawaambia watu wanyamaze, Papa Séraphin anataka kusema na Madame peke yao. Naweka kalamu, nakwenda kufungua.