Maboksi ya Nyigu

Jumatatu, 3 Machi
Vikombe kumi na tisa vimevunjika njiani! Na povu la plastiki nilijaza hadi pomoni. Bosi kanitazama kana kwamba nimevikanyaga mimi. Kwani kazi yangu kufunga mizigo au kuroga? Povu lenyewe limezagaa uani, kuku wa jirani wanalidonoa.

Jumatano, 5 Machi
Baba watoto kabeba ngazi, anakwenda kuchoma kiota cha nyigu dirishani bafuni. Nikamwambia subiri, nikione kwanza. Ni karatasi! Wanatafuna mbao kavu, wanachanganya na mate, wanajenga. Kila chumba pembe sita, kuta nyembamba kuliko ukurasa huu. Nimeokota kingine cha zamani, kitupu, nikakibonyeza — kikagoma kubonyea. Mume wangu anauliza leo tunaoga au tunasoma.

Jumamosi, 8 Machi
Jiko limegeuka karakana: naunda boksi lenye vyumba kama vya nyigu. Magazeti yaliyolowekwa, uji wa ngano wa kugandishia, vumbi la mbao kutoka kwa seremala. La kwanza lilinyong'onyea. La pili liling'ang'ania sufuria. La tatu nimelikausha juani — gumu! Kikombe kinakaa chumbani mwake kama yai. Binti yangu anasema nanuka kama duka la vitabu lililofurika.

Jumanne, 11 Machi
Nimempelekea Bosi. Kacheka hadi kushika mbavu. Kisha kapanda ngazi za stoo na boksi langu, kaliachia. Puu! Nikalifungua. Kikombe kizima! Akaliangusha tena. Na tena. Mara ya nne hakucheka. Mzigo wa Ijumaa ya wiki ijayo ni maboksi arobaini na nane, nitaweza? Nikasema ndiyo kabla ya kufikiri. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 20 Machi
Mikono imechubuka. Leo ndiyo nimekumbuka mvua — nyigu wananing'iniza chao chini ya paa, changu kinapanda lori! Nikayeyusha mishumaa, nikapaka nta kwa nje, nikiandika namba. Nta imeishia boksi la arobaini na moja. Maduka yamefungwa. Yaliyobaki nimeyaacha hivyohivyo. Sikumwambia mtu. Anga safi kabisa.

Ijumaa, 21 Machi
Lori limeondoka alfajiri. Turubai lina matundu — nimeyaona lori likikata kona.

Bosi kanikuta getini, uso umechangamka. Jana nilipoondoka alitoa vikombe kwenye boksi moja, akatia birika la kauri la marehemu mama yake. Linakwenda kwa dada yake. Miaka sita hakuthubutu kulituma.

"Boksi namba ngapi?"

"Arobaini na nne."

Saa nne. Mawingu.

Saa tano nimemwambia yote. Nta, namba, turubai. Nikangoja kufukuzwa. Kampigia dereva — hapatikani. Kapiga tena. Kisha kavuta kiti cha pili hadi dirishani.

"Kaa," kasema.

Nimekaa, naandika hapahapa. Matone ya kwanza yanagonga bati. Bosi anapiga tena.